Raleigh ya rezi ya miaka ya 70, imeganda kila mahali: nianzie wapi?

Rezi_Tanga

Habari za jioni wakuu. Nina Raleigh ya rezi iliyoingia na mzigo wa mtumba kutoka Uingereza. Nembo ya kichwani imeandikwa Nottingham. Ina gia kumi, mbili mbele na tano nyuma, na mikono ya kubadilishia iko kwenye bomba la chini la fremu. Breki ni Weinmann za kuvutwa katikati, krenki (mikono ya pedali) ni za chuma na zimefungwa kwa kotapini, zile pini za chuma zinazozibana kwenye ekseli. Imekaa miaka mingi kwenye stoo isiyo mbali na bahari.

Bomba la siti ni la aluminiamu, halitoki wala halizunguki. Shingo ya usukani nayo imeshikana na foku. Ringi ni za chuma zenye kromu na zina kutu ya kahawia. Tairi zimeandikwa 27 x 1 1/4, zimekauka na kupasuka ubavuni. Mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni kwenye gia za nyuma, ni Simplex wa plastiki nyeusi. Rangi ya kiwandani ipo, ila imechubuka, na chini ya ekseli ya pedali pana kutu.

Fundi wa mtaani anasema tupige msasa fremu yote, tupake rangi, kisha tuvalishe tairi za 28 za Phoenix. Mimi nataka baiskeli ya kuendesha kila siku, si ya kutundika ukutani. Kipi kitangulie? Na ni vipuri gani vya mamba, zile baiskeli nzito za kubebea mizigo kama Phoenix, vinaingia humu?

Fundi_Mvita

Rangi isubiri, na tairi za Phoenix usinunue.

Nianze na tairi, kwa sababu hapo watu huumia. Namba ya inchi inadanganya. Angalia namba ya milimita, yaani kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi. Yako ya 27 x 1 1/4 ni 630. Tairi ya mamba ya 28 x 1 1/2 ni 635. Baiskeli za rezi za leo, zile za 700C, ni 622. Ukivalisha tairi ya 635 kwenye ringi ya 630 itaingia kwa mikono bila hata kijiko cha kufungulia, na fundi atafurahi. Ukijaza upepo, waya wa tairi utakuwa umelegea kwa milimita 5 na utapanda ukingo wa ringi. Tyubu itapasukia hapo, pengine ukiwa mteremkoni. Tafuta tairi iliyoandikwa 32-630. Bado zinatengenezwa, lakini huenda ukaagiza. Tyubu si tatizo, ya 700 x 28 hadi 32 inaingia vizuri. Angalia tu tundu la valvu: jembamba la milimita 6.5 halipokei valvu ya gari, inayohitaji 8.5.

Jambo lingine, ringi nyingi za chuma za zama zile hazina kulabu ndani ya ukingo ya kushika tairi. Usizijaze kupita psi 70 au 75, hata kama tairi yenyewe imeandikwa 90.

Sasa vilivyoganda. Anza navyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bomba la siti likikataa kabisa kutoka, kila shilingi uliyoweka kwenye rangi itakuwa imepotea. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi hutoa unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu yenyewe. Ndiyo maana limebana kote kote, na ndiyo maana kulipiga nyundo hakusaidii.

Ondoa bolti ya kubana siti, uitoe kabisa. Changanya asetoni na mafuta ya giaboksi otomatiki ya gari, nusu kwa nusu. Tikisa kila unapotumia kwa sababu hujitenga. Tia matone kwenye ufa wa nyuma wa bomba asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa. Kisha geuza baiskeli juu chini, toa ekseli ya pedali (kotapini zina mtindo wake, wengine wataeleza) na utie kupitia huko, ili mafuta yaingie kutoka upande wa pili. Asetoni inakula rangi na inashika moto haraka, kwa hiyo zungushia tambara na fanyia nje.

Ukiona ni wakati wa kujaribu, toa siti, toa magurudumu, bana kichwa cha bomba la siti kwenye vaisi iliyofungwa imara, halafu ushike fremu yenyewe na kuizungusha. Fremu inakuwa wenzo mrefu. Usivute kwa kushtua. Sukuma kidogo, rudisha, sukuma, rudisha. Likianza kulia, limekubali. Ongeza mafuta na uendelee hivyo hivyo hadi lizunguke duara zima, ndipo uvute.

Shingo ya usukani ni rahisi zaidi. Legeza bolti ya juu mizunguko minne hivi, weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake, piga mara moja kwa nyundo. Kabari ya ndani itadondoka. Kama shingo bado imeshika, tia mafuta kupitia tundu la chini la foku, baiskeli ikiwa juu chini. Usibane gurudumu la mbele kwa magoti ukanyonga kwa nguvu zote, utapinda foku.

Spoki36

Naongezea kwa Fundi_Mvita: kama vaisi imeshindwa, kata bomba la siti likabaki kama sentimita 3 juu ya fremu. Chukua bledi ya msumeno wa chuma, ifunge kitambaa upande mmoja, uipenyeze ndani na ukate mfereji wa wima kutoka ndani kwenda nje. Simama mara tu unga unaotoka unapobadilika kutoka mweupe kuwa wa kijivu cheusi, maana hapo umegusa chuma cha fremu. Kisha kunja bomba la siti kwa koleo kuelekea ndani, litaachia. Kazi ni ya nusu siku na mkono unachoka, lakini fremu inabaki salama.

Kuna wanaomwaga kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ni kweli inayeyusha aluminiamu na kuacha chuma. Lakini hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, huchoma macho na ngozi, na popote itakapodondoka rangi yako ya kiwandani itabanduka. Mtu anayelazimika kuitumia avae miwani na glavu ndefu, afanyie nje mbali na moto, atie soda kwenye maji na kamwe si maji kwenye soda. Kwa fremu yenye rangi nzuri kama yako, mimi ningekaa na msumeno.

Mama_Gololi

Nieleze kotapini, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa kuliko kitu chochote kwenye baiskeli hizi.

Fungua nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiitoe. Nati hiyo inalinda thredi zisifumuke. Chini ya krenki, upande ule mwingine wa pini, simamisha kipande cha bomba la chuma lenye tundu pana kuliko kichwa cha pini, urefu wake ufike sakafuni. Krenki ilalie bomba hilo, uzito wote wa pigo uende ardhini. Halafu nyundo nzito ya kilo moja, pigo moja lililonyooka. Ukipiga vipigo vingi vyepesi bila egemeo, pini inavimba ncha na haitoki tena, na kila pigo linazichimbia gololi ndani ya bakuli (kikombe cha chuma zinamozungukia). Utajua umefanya hivyo baadaye: pedali zitakuwa na vituo vituo ukizungusha kwa mkono.

Pini ikipinda, ikate ncha iliyopinda, itoboe katikati kwa drili ya milimita 6, kisha isukume. Pini ni chuma laini, drili inaingia bila shida.

Mpya nunua za milimita 9.5, na hapa mamba inakusaidia kweli, maana zake nyingi ndizo hizo. Ila usizipige zilivyotoka dukani. Ule uso wa mshazari unapaswa kunyooshwa kwa tupa hadi ukae wote juu ya ekseli. Ingiza pini kwa mkono, itoe, utaona alama inayong'aa pale ilipogusa. Kama alama iko kwenye ncha tu au pembeni tu, piga tupa zaidi mahali hapo. Nusu milimita inatosha kubadilisha mkao. Pini mbili zielekee pande tofauti: ya kulia ikiingia kutoka juu, ya kushoto iingie kutoka chini krenki zikiwa zimelala hivyo hivyo. Krenki zisiponyooka mstari mmoja, ama pini moja umeigeuza, ama nyuso hazikupigwa tupa sawa.

Ikae kwa nyundo, siyo kwa nati. Nati kazi yake ni kuizuia isirudi. Ukiitumia kuvuta pini utakata thredi. Endesha kama kilomita 20, gonga tena kwa egemeo lile lile, kaza nati tena. Wanaosema kotapini hulegea kila mara ni wale walioruka hatua hii.

Ndani, kwenye ekseli ya pedali, kuna gololi 11 za robo inchi kila upande. Za zamani zitoe zote uzitupe hata kama zinang'aa, ni bei ya chai. Bakuli la kulia kwenye baiskeli ya Uingereza lina thredi za kushoto, yaani hufunguka ukizungusha kama saa inavyokwenda. Kama njia ya gololi ndani yake ni laini ukipitisha ncha ya kalamu, liache palepale, lisafishe kwa mafuta ya taa na tambara. Halihitaji kutoka.

Rezi_Tanga

Asante sana wote, na dada Mama_Gololi, shikamoo kwa somo la tupa. Bakuli la kushoto nimelitoa, lina mashimo kwenye njia ya gololi. Duka la vipuri hapa lina mabakuli yanayofanana nalo kwa macho. Nichukue?

Mama_Gololi

Marahaba. Subiri kwanza, usichukue kwa macho. Pima thredi. Weka venia (kile kipimo cha taya cha milimita) juu ya kilele cha thredi ya kwanza na kilele cha ya kumi na moja, upate nafasi kumi. Ukipata karibu milimita 10.6, ni thredi 24 kwa inchi, kipimo cha kawaida cha Uingereza. Ukipata karibu 9.8, ni thredi 26 kwa inchi, kipimo chao wenyewe Raleigh wa Nottingham. Kipenyo cha vyote viwili ni kile kile, inchi 1 na 3/8, ndiyo maana vinafanana.

Bakuli la 24 litaingia kwenye fremu ya 26 mizunguko miwili mitatu kisha litakaza. Hapo mtu huongeza spana ndefu. Sasa ameharibu fremu.

Na nati za shingo ya foku zina mtego huo huo: bomba la foku la Nottingham mara nyingi ni 26, vya siku hizi ni 24. Usitupe nati wala bakuli lolote la zamani hadi uwe na mbadala mkononi uliokwishajaribiwa kwa vidole.

Rezi_Tanga

Nimepima mara tatu, inakuja 9.8.

Mama_Gololi

Basi ni 26. Mashimo ni ya kiasi gani? Kama ni vidoa vya kijivu ambavyo kucha haikwami, weka gololi mpya na grisi ya beringi ya gari, itakwenda muda mrefu. Kama kucha inakwama, omba fundi wa kereza alisafishe bakuli la zamani kwa jiwe la kusagia, aondoe kidogo sana. Ngozi ngumu ya bakuli ni nyembamba, akiivuka chuma laini kitaliwa upesi. Njia nzuri zaidi ni kuchinja Raleigh nyingine ya Nottingham iliyooza fremu. Zile za kubebea mizigo za Uingereza, za zamani, nyingi zina mabakuli ya 26 na ekseli nzuri. Pima tu kabla ya kulipa.

Kijiwe_Arusha

Kwa maoni yangu hizo ringi za chuma zisirudi barabarani. Kromu ikilowa, raba ya breki inateleza juu yake kama haipo. Mkuu anataka baiskeli ya kila siku na anakaa pwani kwenye masika ya kweli. Aweke magurudumu ya aluminiamu ya 700C, tairi zake zinapatikana kila duka la mjini, na habari ya kuagiza 630 inaisha.

Fundi_Mvita

Kwenye kromu na mvua tunakubaliana kabisa. Lakini kabla ya 700C apime vitu viwili.

Cha kwanza, breki. Ringi ya 622 ni fupi kuliko ya 630, kwa hiyo raba lazima zishuke milimita 4. Aangalie ufa wa mkono wa Weinmann: kama raba tayari ziko chini kabisa, breki hazitafika, na raba itakuwa inasugua tairi. Kama kuna nafasi ya milimita 4 au zaidi, sawa.

Cha pili, upana wa nyuma kati ya masikio ya fremu, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Fremu ya gia tano ni milimita 120. Magurudumu ya rezi ya sasa ya breki za ringi ni 130. Chuma kinakubali kupanuliwa, milimita 5 kila upande, lakini siyo kwa kulazimisha gurudumu liingie kila siku. Inabidi kuipanua fremu kisha kuyanyoosha masikio yawe sambamba, la sivyo ekseli itapinda na kukatika. Kupima unyoofu ni kazi ya uzi tu: funga uzi kwenye sikio moja la nyuma, uzungushe mbele ya kichwa cha fremu, urudishe sikio la pili. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 2, upande mmoja umevutwa zaidi. Fanya kipimo hiki hata kama hupanui kitu, kwa sababu hujui mzigo wa mtumba ulipakiwaje.

Njia ya kati, ambayo mimi naipenda kwa baiskeli hii: baki na habu (vitovu vya magurudumu) za zamani, ufumie ringi za aluminiamu, za 630 ukizipata, la sivyo za 622. Hesabu matundu ya spoki kwanza. Kuna za Uingereza zenye 32 mbele na 40 nyuma, nyingine 36 na 36. Na toa friwili, lile fungu la gia za nyuma, kabla hujakata spoki hata moja, maana gurudumu zima ndilo usukani wako wa kuifungulia. Kama yako ina nafasi mbili za kushikia, kifungulio chake kibanwe kwa nati ya ekseli kisiruke, weka kwenye vaisi, zungusha gurudumu kinyume cha saa. Likishaachia robo mzunguko, legeza nati ile, la sivyo unajibana mwenyewe.

Habu za mbele huwa na gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, za nyuma 9 za robo inchi. Kaza koni (nati za ekseli zinazobana gololi) hadi mchezo uishe, gurudumu bado lizunguke na kusimama lenyewe valvu ikiwa chini.

Spoki36

Gia. Simplex ya plastiki ile hupasuka pale bolti inapopita, hasa ikiwa imekaa miaka na joto. Ikague kwa taa. Ukiona ufa mweupe, itoe. Uzuri ni kwamba mikono yako ya kubadilishia haina vituo, inateleza tu, kwa hiyo mkono wa gia wa Kijapani wa mtumba, SunTour au Shimano wa zamani, utafanya kazi bila ubishi. Angalia unavyoshikwa: ukiwa na kibao kinachobanwa na nati ya ekseli, unabadilisha pamoja na kibao chake.

Cheni ya mamba haiingii hapa. Ni ya upana wa inchi 1/8, yako inataka 3/32. Nunua ya gia sita, saba au nane. Kama unataka kujua ya zamani imekwisha kiasi gani, pima pini hadi pini: jozi kumi na mbili za viungo ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikifika 306.4 badilisha. Ikivuka 308, meno ya friwili nayo yamekwenda, cheni mpya itaruka ukikanyaga mlimani.

Kijiwe_Arusha

Na rangi je? Pwani huwezi kuacha chuma wazi.

Mama_Gololi

Huwezi, lakini huhitaji kuondoa rangi nzima iliyoshika kwa ajili ya michubuko. Rangi ya kiwandani iliokwa, ni ngumu kuliko ya kopo, na stika za Raleigh zikishaondoka hazirudi. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo. Tina isikaribie stika. Kila doa la kutu lisugue peke yake kwa brashi ndogo ya shaba hadi uone chuma kinachong'aa, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ikikauka weka praima, kisha rangi ya mafuta inayokaribiana, kwa brashi nyembamba, tabaka mbili. Mwisho polishi ya gari.

Pale chini ya ekseli ya pedali chokonoa kwa bisibisi. Kutu ya juu itabanduka na kuacha chuma kizima. Kama bisibisi inazama, hapo pana tundu na fremu inahitaji mchomeaji anayejua shaba, siyo welding ya geti. Kutu hiyo hutoka ndani, maji yanaingilia kwenye ufa wa siti. Fremu ikiwa tupu, mimina mafuta mazito kiasi ndani ya kila bomba, igeuzegeuze, iache ichuruzike usiku kucha juu ya magazeti.

Sehemu za kromu, kama usukani na krenki, zisugue kwa foili ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Foili ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na kutu inatoka kama tope jeusi.

Fundi_Mvita

Nimalizie breki, kwa sababu bado hazijaguswa. Weinmann za katikati zina nyaya mbili: ule mrefu unaotoka mkononi, na ule mfupi unaovuka juu ya tairi. Watu hubadilisha mrefu na kuusahau mfupi. Mrefu ukikatika wakati umekamata breki ya mbele, ule mfupi unaweza kuangukia tairi, ukanasa na kulisimamisha gurudumu. Badilisha yote, mbele na nyuma, na mbele funga taa au kipande cha bati juu ya tairi kitakachoudaka.

Waya wa breki uwe wa milimita 1.5 au 1.6 wenye kichwa kidogo cha mviringo kama pea. Wa baiskeli za milimani una kichwa cha pipa na hauingii kwenye mikono ya usukani uliopinda. Wa gia ni 1.2, usiutumie kwenye breki hata kwa siku moja. Raba zile za zamani zimekuwa ngumu kama kwato, kuzipiga msasa hakuzirudishi; weka mpya, na uzifunge sehemu ya mbele ikigusa ringi kabla ya nyuma kwa kama milimita moja. Hapo hazitapiga kelele.